Mgongo wa Shombo

Usiku ule nililala na hasira hadi meno yakaniuma kwa kusagana. Kifundo cha mkono kilikuwa kinawaka moto pale aliponiparura. Uani, chini ya tenga la kuku nililoligandamiza kwa tofali, paka wa marehemu dada yangu alikuwa analia, na mimi kitandani namjibu kimoyomoyo: lia, lia sana, asubuhi ndiyo utajua.

Wacha nieleze kilichonifikisha hapo, maana najua mtu akisikia mzee mzima na mvi zake amegombana na paka, atacheka. Nami ningecheka, kama yangekuwa ya jirani.

Dada Tatu alinizidi umri kwa miaka kadhaa tu, lakini alinitawala maisha yangu yote. Mumewe alipofariki, na mke wangu aliponichoka akarudi kwao, tulijikuta tunaishi tena pamoja katika nyumba ya wazazi wetu hapa Tanga. Ni nyumba ya zamani, korido ndefu katikati, vyumba huku na huku, halafu uani kwenye jiko na choo. Mimi nililala chumba cha mbele, yeye cha nyuma karibu na mlango wa uani. Bintiye, Rehema, ameolewa Dar es Salaam. Kwa hiyo nyumba nzima tulikuwa sisi wawili na huyo paka.

Alimwita Shombo kwa sababu siku alipojileta alikuwa ananuka samaki wa kuoza. Paka wa kijivu, sikio moja limechanika, uso umenuna muda wote. Dada Tatu hakumbeba hata siku moja. Alikuwa akimnyooshea kidole, Shombo anakinusa, anaamua mwenyewe. Akikubali, Dada Tatu anamkuna chini ya taya, kidogo tu, kisha anaacha kabla paka hajachoka. Mimi nilikuwa namnyakua. Mtu ukimpenda mnyama si unambeba? Unampakata, unambana kifuani, unamsugua tumbo. Shombo alikuwa anakakamaa mikononi mwangu, mkia unapiga huku na huku, halafu anachomoka kama sabuni.

"Mwachie!" Dada Tatu alikuwa akigomba. "Si mto huyo, Hamadi. Ngoja aje."

"Miye nimngoje paka?"

"Ngoja aje," anarudia, ananipa kisogo, anaendelea kupepeta mchele wake.

Nitasema ukweli, lilikuwa linaniuma. Paka anaitwa mwanangu, anaitwa roho yangu, anaitwa bwana mkubwa. Mimi naambiwa, "Hamadi, zima taa." Naambiwa, "Hamadi, hilo shati umelivaa jana." Miaka yote ile sikumbuki neno tamu lililotoka kinywani mwake likanielekea mimi.

Kisha akaugua. Ugonjwa wenyewe ulimla polepole, na aliyemuuguza ni mimi. Rehema alikuwa akija anapopata ruhusa, analia, anapika, anaondoka. Mimi ndiye niliyemnywesha uji kwa kijiko, niliyemgeuza ubavu, niliyefua mashuka. Shombo alikuwa anakuja mpaka kizingitini, anakaa, anatazama, basi. Siku moja aliingia na mjusi mdomoni, akamweka juu ya shuka nililotoka kulifua. Nilimtupa yule mjusi nje na nusura nimtupe na mwenyewe. Dada Tatu, sauti ndogo kama uzi, akanigombeza mimi: "Kaniletea chakula, Hamadi. Kaona sili."

Alikufa alasiri. Rehema alikuwa jikoni na wanawake wawili watatu wa mtaani, na mimi nimekaa ukingoni mwa kitanda, nimeushika mkono wake. Nilijua. Mtu aliyeuguza anajua. Nikawa nangoja aniambie kitu, chochote. Akafumbua macho, akayapitisha juu ya kichwa changu, akatazama mlangoni na kusema, "Shombo. Shombo, mwanangu."

Paka alikuwa pale kizingitini. Akamtazama. Akafumba macho taratibu, akayafumbua, kisha, Mungu ni shahidi yangu, akageuka akatupa mgongo, akakaa anatazama korido.

Dada Tatu akatabasamu. Hakusema tena neno mpaka roho ikatoka.

Nilisimama pale nimeushika mkono wa maiti, nina hasira. Maisha yote haya, halafu unamwita paka. Na paka mwenyewe, hata kunyanyua mguu hakuweza.

Mara Bi Mize akaingia. Bi Mize ndiye mkubwa wa wanawake katika mtaa wetu, anajua ya misibani yote, na asiyoyajua pia anayasema. Kabla hata hajamfunga marehemu kidevu akapiga kelele, "Mtoeni huyo paka! Paka asije akamruka maiti!" Nilikuwa nangoja kuambiwa. Nilimkamata Shombo kwa ngozi ya shingo nikampeleka jiko la uani, nikapiga komeo, maana chakula cha msiba kilipikwa kwa jirani. Msiba ukaendelea. Wanawake wakamwosha, wakamvika sanda, tukamswalia, tukamzika kesho yake. Hakuna aliyemkumbuka paka mpaka watu waliporudi kutoka makaburini, na Rehema akataka sufuria kubwa iliyokuwa kule jikoni. Mlango ulipofunguliwa alitoka mbio, akapita katikati ya miguu ya watu mpaka chumba cha Dada Tatu. Akakuta pamefungwa. Bi Mize alikwisha sema chumba kifungwe mpaka arobaini, ndipo nguo za marehemu zigawanywe, na ufunguo akanipa mimi.

Tangu hapo Shombo amekaa mbele ya mlango ule. Anakula kidogo, anakwenda uani haja zake, anarudi. Anasugua shavu kwenye ubao, anakaa, uso mlangoni, mgongo kwangu. Nikipita ananipa mgongo. Nikimwekea dagaa ananipa mgongo, anangoja niondoke ndipo ale. Nyumba yangu, dagaa zangu, halafu nanuniwa.

Jioni ya siku ile ya tenga nilirudi kutoka msikitini, nyumba kimya, taa ya korido imeungua. Nikamwona pale sakafuni, peke yake kama mimi, nikasema moyoni, huyu naye ni mfiwa. Nikamnyanyua. Nikamkumbatia, nikazika uso wangu katika manyoya yake, na nikalia, jambo ambalo sikulifanya hata kaburini. Nilikuwa nimembana sana, najua. Akanguruma. Sikumwacha. Akanichana kifundo cha mkono mpaka damu, akaanguka chini, akarudi palepale mlangoni, akanipa mgongo.

Hapo ndipo nilipochukua tenga.

Rehema alipiga simu kabla sijalala, nikamwambia. "Asubuhi namtoa. Kombo atampeleka soko la samaki, huko atapata wenziwe."

"Mjomba, usimguse paka wa mama!"

"Basi njoo umchukue."

"Mwenye nyumba wetu hataki wanyama, unajua. Mjomba, nakuomba. Mama alimpenda yule."

"Hilo najua," nikasema. "Kila mtu analijua hilo." Nikamkatia simu.

Kombo, kijana wa jirani mwenye bajaji, naye alisitasita. "Mzee Hamadi, paka wa marehemu hatupwi." Nikamwambia kama hataki nitamtafuta mwingine. Akasema atakuja alfajiri. Ndiyo nikaingia kitandani na hasira zangu.

Sijui usingizi ulinichukua vipi. Ninachojua ni kwamba kilio cha uani kilikatika ghafla, na mahali pake nikasikia mtu anapepeta mchele.

Sauti ile nisingeweza kuikosea. Nilishuka kitandani, nikafungua mlango. Korido ilikuwa ndefu kuliko kawaida yake, na ingawa taa ilikuwa imeungua, niliona. Mwisho kabisa, mbele ya mlango uliofungwa, Dada Tatu ameketi juu ya kigoda, ungo mapajani. Amevaa kanga zake za jikoni zilizopauka. Nilijua kwamba amekufa, naye alijua kwamba najua, na hakuna kati yetu aliyelitaja.

"Shikamoo, dada," nasema.

Haitikii. Anapepeta. Ninasogea, natazama ndani ya ungo, hamna mchele. Ungo ni mtupu, lakini makapi yanaruka.

"Nani kanifungia mlango?" anauliza. Hanitazami. Sauti ni ileile ya kuuliza nani kamwaga maji sakafuni.

"Bi Mize ndiye aliyesema..."

"Sikukuuliza Bi Mize. Ufunguo u mfukoni mwa nani?"

Natia mkono katika mfuko wa kanzu, ingawa nililala nimejifunga msuli tu, na ufunguo uko pale, baridi. Hasira inanipanda upya. Hata umekufa, bado unanigombeza. Nataka kumwambia yote: uji, mashuka, usiku niliokesha, na mwisho ukamwita paka. Nafungua kinywa. Kinachotoka ni mlio wa Shombo chini ya tenga.

Dada Tatu anaendelea kupepeta. Makapi yanaanguka juu yangu, na ninaona kwamba yanaanguka kutoka juu sana.

Niko sakafuni. Nyumba imejaa watu, na watu wote ni miguu. Kandambili, nyayo zenye magaga, mapindo ya kanga yanayoburuzika. Siwajui kwa sura, nawajua kwa pua. Huyu kitunguu, huyu ubani, huyu kahawa na jasho. Wananuka msiba wote. Ninatafuta harufu moja tu, ya mafuta ya nazi na dawa ya kuchua na homa, na ninajua iko chumba kipi, na nimo njiani kuifuata.

Mkono unashuka. Mkubwa, bila kubisha hodi, unatokea nyuma ambako sioni. Naujua mkono ule. Una kovu la panga kwenye dole gumba. Ni mkono wangu.

Unanishika shingo. Sakafu inaniondoka, miguu inaning'inia, tumbo langu liko wazi kwa kila mtu, na hakuna kiumbe anayetaka tumbo lake liwe wazi mbele ya kundi la watu wanaolia. Natupwa gizani. Komeo linapigwa. Jivu, masizi, sufuria. Kupitia ukutani nasikia maji yanamwagwa kwa kata, taratibu, nasikia wanawake. Giza linaingia, linatoka. Nasikia wanaume wanasema La ilaha illallah, sauti zao zinatoka nyumbani, zinakwenda mbali, mbali zaidi. Sielewi wamebeba nini. Hakuna aliyenionyesha. Ninachojua ni kwamba yeye yuko chumbani, kwa sababu huko ndiko nilikomwacha.

Mlango unafunguka, nakimbia. Mbao. Pamefungwa. Nabandika pua kwenye ufa wa chini na harufu yake inatoka, yote, nyingi. Basi yumo. Amelala tu, kama alivyokuwa analala. Nakaa, nangoja afungue. Jua linakuja na kuondoka koridoni, na harufu inapungua. Kila nikinusa imepungua. Nasugua shavu langu kwenye ubao ili yangu ikae pamoja na yake, ajue akitoka kwamba nilikuwepo.

Na nyuma yangu kuna mtu. Mzito, anakanyaga kwa visigino, anasimama ananikazia macho. Ananikodolea kama mbwa anayetaka kuanza vita. Kwa hiyo nampa mgongo wangu, aone sina ubaya naye, aone namwamini asinirukie. Haoni. Jioni moja ananinyakua. Nabanwa kwenye kifua kinachopiga ngoma, mbavu zinakutana, sipati pumzi, maji ya chumvi yananidondokea. Namwambia niache. Namngurumia niache. Ananibana zaidi. Makucha yanatoka yenyewe.

Nilipopata pumzi nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda cha Dada Tatu.

Ni alasiri. Dirisha lipo wazi, jikoni Rehema anacheka na mtu, kijiko kinagonga sufuria. Nina mwili wangu tena, nina kanzu yangu. Mkono wake umo mkononi mwangu, mwepesi, una moto. Amelala palepale, lakini hafi. Ananitazama mimi, na macho yake yana hasira tele.

"Tazama tena," anasema.

"Sitaki kutazama."

"Tazama!"

Anageuza kichwa, anaita, "Shombo. Shombo, mwanangu." Na mimi natazama. Paka yuko kizingitini. Anamtazama dada yangu, anafumba macho polepole, anayafumbua. Na Dada Tatu, kitu ambacho siku ile sikukiona kwa kuwa nilikuwa nimemkodolea paka macho kwa chuki, Dada Tatu naye anafumba macho yake, polepole, anayafumbua. Wanafanya hivyo kama watu wanaosalimiana msikitini, ibada ikiendelea, bila kelele. Kisha Shombo anageuka, anakaa, mgongo kwetu, masikio yameelekea koridoni.

"Aliniitika," anasema Dada Tatu. "Hukuona. Ulikuwa unangoja anijie kwa miguu."

"Akatugeuzia mgongo!"

"Weye mgongo wako unampa nani? Adui yako?"

Natazama mgongo wa Shombo.

"Aliona siwezi kusimama," anasema. "Akanilindia mlango. Halafu ukaja ukamkamata shingo."

Nilitaka kusema Bi Mize. Neno halikutoka, na mahali pake likatoka jingine, ambalo nilikuwa nimelikalia tangu msibani. Lilitoka kwa sauti kubwa, kwa hasira, na nilikuwa nalia.

"Na miye? Hukuniita miye! Nilikushika mkono, Dada Tatu. Nilikuwa nangoja. Hukuniita!"

Chumba kinabadilika. Sioni tena kitanda. Naona kisogo chake tu, nywele zimesukwa mabutu, shingo nyembamba ya mtoto wa kike, na kanga inanibana makalioni. Nimo mgongoni mwake. Tuko uani, mama yetu yuko hai mahali fulani ndani anakohoa, na Dada Tatu, mtoto mwenyewe, anapepeta mchele huku amenibeba, anatikisika, na mimi natikisika. Shavu langu liko kwenye mgongo wake wa moto. Sioni uso wake. Ninakumbuka, au ndoto inanikumbusha, kwamba dada yangu tangu zamani nimemwona zaidi kwa nyuma: akipika, akifua, akipepeta, akinitangulia njiani kwenda chuoni kusoma Kurani, na kwamba mbele yake kulikuwa na kila kitu kilichoweza kunidhuru.

Anasema bila kugeuka. Sauti si ya mtoto. Ni yake ya uzee, na hasira yake haijapoa hata kidogo.

"Mkono wangu ulikuwa mkononi mwa nani, Hamadi?"

Nazika shavu kwenye mgongo wake.

"Nijibu! Ulikuwa mkononi mwa nani?"

"Mwangu."

"Sasa nikuite uje wapi? Anaitwa asiyekuwepo. Weye ulikuwepo."

Nikasikia mwili wote umelegea, kama mtoto aliyelia mpaka akachoka. Nikataka nibaki pale, shavu kwenye mgongo ule, asinishushe. Lakini alifungua fundo la kanga na kunishusha, na nilipogusa chini nilikuwa mzee, naye ni mzee, na tuko tena mbele ya mlango uliofungwa. Ameshika ungo kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza akanitazama usoni muda mrefu. Nilidhani atanikumbatia. Nikanyoosha mikono.

"Hapana," akasema. "Ngoja." Akaninyooshea kidole kimoja. Nikabaki nimesimama, sijui nifanye nini na mikono yangu. Nikaishusha. Kidole kikanigusa chini ya taya, kikakuna kidogo tu, kikaacha.

"Mfungulie mlango aone sipo," akasema. "Na weye ingia uone sipo. Mwambie na Rehema. Kisha mkome kunigombania mimi kama nguo za mnada."

"Dada..."

"Na hilo tofali ulitoe!" akafoka, akarusha ungo, makapi yakanijaa machoni.

Niliamka nikijifikicha macho. Mwadhini alikuwa anaadhini alfajiri. Uani kimya. Ukimya ule ulinitisha, nikatoka na msuli tu, nikigonga kila kitu, nikimtukana Bi Mize, nikijitukana mwenyewe, nikimtukana na dada yangu kwa kupenda amri mpaka akhera. Nikasukuma tofali kwa mguu, likaniangukia kidoleni. Nikanyanyua tenga.

Alikuwa hai. Alikuwa amejikunja kwenye pembe, amelowa umande, ananikodolea macho. Mikono yangu ilinyanyuka yenyewe kutaka kumbeba. Nikairudisha. Nikachuchumaa, kwa shida, magoti yangu si ya kuchuchumaa tena, na nikanyoosha kidole. Hakukinusa. Alipita mbali nami kabisa, tumbo linaburuzika chini, akaingia ndani. Haki yake. Mimi pia nisingekinusa.

Huko nje bajaji ikapiga honi. Kombo akachungulia mlangoni. "Mzee, mzigo uko wapi?"

"Hakuna mzigo."

"Lakini jana ulisema..."

"Nenda kaswali, Kombo!"

Akaenda, nikamsikia anacheka njiani. Nikachukua ufunguo. Koridoni Shombo alikuwa amekwisha kaa mahali pake, uso mlangoni. Hakunitazama, lakini nilipochuchumaa na kutia ufunguo, bega langu likiwa karibu naye, hakuhama. Bi Mize atasema arobaini haijafika. Atasema sana. Nikazungusha.

Harufu ilitupiga sote wawili. Mafuta ya nazi, dawa ya kuchua, na joto la chumba kilichofungwa. Shombo aliingia mkia umesimama, haraka haraka, kama mtu aliyesikia jina lake. Akaruka kitandani. Kitanda kilikuwa mbao tupu, godoro limekunjwa na kuegemezwa ukutani. Akanusa mbao moja baada ya nyingine. Akashuka, akanusa kandambili za Dada Tatu, moja, ya pili. Akaenda nyuma ya godoro, chini ya kitanda, nyuma ya kabati, akarudi kitandani. Akakaa katikati ya mbao, akaangalia huku na huku, kisha akatoa mlio ambao sijausikia tena, mfupi, wa kuuliza. Akangoja. Akautoa tena.

Mimi nilikuwa bado kizingitini. Sikuwa nimeingia chumba kile tangu tumtoe. Nilijidanganya ni amri ya Bi Mize, na nikawa namwonea mnyama aliyekaa nje ya mlango kwa sababu hana ufunguo, wakati mimi mwenye ufunguo nimekaa nje vilevile. Nikaingia. Nikagusa mchago wa kitanda. Nikafungua dirisha, mwanga wa asubuhi ukaingia, na ilikuwa kweli, hayupo. Niliikasirikia ile mbao tupu kuliko nilivyowahi kumkasirikia paka yeyote. Ningeweza kuivunja kwa mikono.

Nilimpigia Rehema palepale. Alipokea akiwa na sauti ya usingizi na ya hofu, akauliza, "Umeshamtupa?" Nikamwambia paka yupo, chumba kiko wazi, na mama yake amesema tukome kumgombania. Kisha akaniuliza polepole, "Amekasirika?"

"Sana," nikasema.

"Basi ni yeye," akasema Rehema, na tukalia kwenye simu wote wawili, mimi kwa mara ya kwanza bila kumbana mtu.

Nilipoweka simu, Shombo alikuwa ameshuka. Alitoka mpaka kizingitini, akasimama, akarudi hatua chache, akakaa karibu na mguu wangu. Karibu, si kunigusa. Akageuka. Uso koridoni, mgongo kwangu.

Sikumshika. Nilikaa chini sakafuni, nikaegemea kitanda, na mimi nikatazama koridoni. Tulikaa hivyo mpaka jua likafika mlangoni. Ncha ya mkia wake ilikuwa inagusa kisigino changu, inaondoka, inagusa.

Kisha nikafanya jambo ambalo sikulifanya siku ile nilipoushika mkono wa dada yangu, wala pale kaburini, wala siku zote nilizopita mbele ya mlango ule nimefura. Nikamwita. Kwa sauti, kwa hasira, kama unavyomwita mtu aliyechelewa kurudi nyumbani.

"Dada Tatu!"

Shombo aligeuza sikio lile lililochanika. Tukasikiliza wote wawili.